Jolie Blonde ni ya Nani?

Usiku mmoja nilisikiliza rekodi mbili moja baada ya nyingine, spika ndogo ikiwa mezani, nyumba nzima imelala. Ya kwanza ni ya mwaka 1946. Fidla inatangulia kila kitu, imejaa, inaburuza kila noti kama haitaki kuiachia, na Harry Choates anapiga ukelele wa raha kabla ya maneno kuanza. Ya pili ni ya 1929. Humo akodiani ndiyo iliyoshika usukani. Amédé Breaux anaimba juu kabisa ya koo lake, kama mtu anayekaribia kutoa machozi, na fidla iko nyuma sana hata inabidi uitafute.

Mwimbo ni ule ule, Jolie Blonde, yaani mrembo mwenye nywele za dhahabu. Walsi ile ile ya mapigo matatu, mwanamume yule yule aliyeachwa, mrembo yule yule mwenye nywele za dhahabu aliyeondoka.

Kisha nikatazama mahali panapoandikwa jina la mtunzi. Toleo moja lilimtaja Choates. Jingine lilimtaja Breaux. La tatu lilikuwa na neno moja tu: jadi.

Neno hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Atlanta, Aprili 1929

Wakajuni wa Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, wanaiita Jolie Blonde wimbo wao wa taifa, ingawa taifa hilo halina bendera Umoja wa Mataifa. Ni kizazi cha Waakadia, Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza huko Nova Scotia kuanzia mwaka 1755, ambao miaka kumi baadaye walianza kufika kwenye mabwawa na nyanda za Louisiana. Walikuja na nyimbo ndefu za masimulizi na ngoma za kwao. Walsi haikuwamo mzigoni. Hiyo iliwafikia baadaye, karne ya 19, pamoja na polka na mazurka, kama ilivyozifikia nchi nyingi zilizokuwa zikitazama mitindo ya Ulaya. Wao wakaichukua na kuipunguza mwendo, wakaitia huzuni yao.

Ndugu watatu wa familia ya Breaux, kutoka upande wa Crowley, walikwenda Atlanta Aprili 1929 kurekodi kwa kampuni ya Columbia. Amédé alishika akodiani na kuimba. Ophy alipiga fidla. Dada yao Cléoma alipiga gitaa. Walichokirekodi kiliandikwa kwenye santuri kwa jina la "Ma blonde est partie", yaani mpenzi wangu ameondoka. Ndiyo rekodi ya kwanza tunayoijua ya mwimbo huu.

Cléoma hakuwa mgeni wa maikrofoni. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1928, alikuwa New Orleans na Joe Falcon, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, wakarekodi "Allons à Lafayette", santuri ya kwanza ya muziki wa Kikajuni. Kampuni ilisitasita kurekodi watu wawili tu wenye akodiani na gitaa. Sonara mmoja wa mji wa Rayne, aliyekuwa pia akiuza gramafoni, ndiye aliyesimama nao na kuahidi kununua mamia ya nakala.

Hesabu ya sonara yule ilikuwa rahisi. Mtu hanunui gramafoni kama hakuna cha kuchezea, na anainunua haraka zaidi ikimsemesha kwa lugha yake. Mwaka huo huo wa 1928, kwa hesabu ya namna hiyo hiyo, kampuni ya santuri ya HMV ilimwita Siti binti Saad na kundi lake kutoka Unguja hadi Bombay. Biashara moja, bahari mbili tofauti. Nalitaja hili kwa sababu linanisaidia kukumbuka kwamba santuri zile za kwanza hazikutengenezwa na watu waliotaka kuhifadhi historia. Zilitengenezwa na watu waliotaka kuuza mashine.

Na sisi leo tunazisoma kama vyeti vya kuzaliwa.

Dada anatunga, kaka anaimba

Upande wa familia ya Breaux husemwa kwamba maneno ya mwimbo ni ya Cléoma, na kwamba aliyaandika kuhusu mke wa kwanza wa Amédé.

Niliposoma hilo nilirudi kuisikiliza santuri ya 1929 na ilikuwa imebadilika.

Maneno yenyewe ni machache. Mwanamume anamwambia mkewe atazame alichofanya: amemwacha, amerudi kwa watu wake. Anamwambia kwamba kama asingesikiliza ushauri wa watu, leo angekuwa hapa pamoja naye. Halafu, mwishoni, kiburi kinaingia. Unadhani uko peke yako? Mungu anajua warembo wengine wapo, tena tele.

Ukidhani mwanamume ndiye aliyejitungia, unasikia majonzi yanayogeuka majivuno, jambo tunalolijua sana katika nyimbo za mapenzi za kila nchi. Lakini fikiria kwamba aliyeandika ni dada yake. Alikuwa ameyaona yote: ndoa ilivyokwenda, wifi alivyofunga mizigo, ndugu na majirani walivyotia maneno. Akaiandika aibu ya kaka yake, hadi kile kisebusebu cha mwisho. Kisha kaka akaiimba mbele ya mashine, dada akiwa ameketi hatua chache kutoka kwake anampigia gitaa.

Sijui kama Amédé aliona haya. Sauti yake haionyeshi haya hata kidogo. Inaonyesha mtu aliyepewa maneno yanayomfaa.

Nadharia hii niliipenda, na nilipoona ninavyoipenda nikaanza kuishuku.

McGee analeta shaka

Dennis McGee alizaliwa mwaka 1893 na kufariki 1989. Alikuwa fundi wa fidla ambaye kumbukumbu yake ilifika nyuma kuliko santuri yoyote. Alizijua polka, mazurka na ngoma nyingine alizojifunza kwa wazee waliopiga kabla akodiani haijatawala. Kwa simulizi yake, walsi hii asili yake ni Angelas LeJeune, mpiga akodiani, aliyeitunga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakati huo, anasema, ilikuwa na jina jingine na ilimhusu binti wa mjane.

Hiyo ni zaidi ya miaka kumi kabla ya Atlanta.

McGee mwenyewe, akiwa na mpiga fidla mwenzake Sady Courville, alirekodi mwaka huo huo wa 1929 wimbo unaomwomba mama mmoja, Madame Young, amtoe binti yake mrembo kuliko wote. Jina la wimbo linamtaja kwa maneno yale yale: jolie blonde. Kwa hiyo mrembo huyu alikuwa akizunguka katika nyimbo za eneo lile bila kuwa mali ya nyumba moja.

Halafu kuna Leo Soileau. Mwaka 1935 alirekodi "La Valse de Gueydan". Gueydan ni mji mdogo. Sikiliza: ni sauti ile ile, yaani tuni ile ile, imepewa jina la mahali.

Hapo ndipo nilipokwama. Sauti moja, binti wa mjane, mke aliyeondoka, mji wa Gueydan. Ninamtafuta mtunzi wa kitu gani hasa?

Swali kwa namna ya taarabu

Kilichonikwamua ni desturi ya kwetu. Katika vikundi vya taarabu, mwimbo una mtunzi wa mashairi, na una mtu aliyeyatilia sauti. Hawa mara nyingi ni watu wawili, na wanatajwa kama watu wawili. Mshairi anaweza kuwa amekaa nyumbani kwake Vuga, Unguja, hajui hata kushika udi. Mpiga fidla anaweza kuwa hajawahi kuandika beti moja. Hakuna anayeona ajabu. Tena sauti ya zamani inaweza kuvalishwa maneno mapya, na kila mtu ukumbini akajua nini ni cha zamani na nini ni kipya.

Nikaiuliza Jolie Blonde namna hiyo, na ugomvi wa Breaux na LeJeune ukapungua nguvu. Cléoma anaweza kuwa ameandika maneno ya 1929, na McGee akawa anasema kweli kwamba sauti ilikuwapo tangu wakati wa vita. Hakuna shahidi anayelazimika kuwa mwongo.

Lakini hata kwa LeJeune swali la sauti linabaki wazi, kwa sababu ya fidla.

Akodiani ilivyobana sauti

Kwa muda mrefu muziki wa dansi wa Wakajuni ulikuwa wa fidla mbili. Dansi zilifanyika majumbani: samani zinatolewa nje, watoto wanalazwa chumba cha pembeni, wapigaji wanakaa kona moja. Fidla moja inabeba sauti, ya pili inashikilia chini kwa mapigo na noti nzito. Spika hazikuwapo. Ili kusikika juu ya miguu ya watu wanaocheza, mpigaji alikandamiza upinde akigusa nyuzi mbili kwa pamoja, na mlio ule wa uzi wa pili usiobadilika ndio unaoupa muziki huu uchungu wake hadi leo.

Akodiani za Kijerumani ziliingia mwishoni mwa karne ya 19. Ndogo, imara, vitufe kumi kwa safu moja. Zilikuwa na nguvu kuliko fidla, zilistahimili joto na unyevu, na mtu mmoja aliweza kuchezesha nyumba nzima.

Akodiani ya namna hiyo, hata hivyo, haina noti zote. Ukisukuma kitufe kinatoa noti moja, ukivuta kinatoa nyingine, na zile zilizo nje ya ngazi yake ya noti hazipatikani. Fidla ikabidi ifuate: wapigaji walizishusha nyuzi zote nne ili zikae pamoja na akodiani ya ngazi ya C. Nyimbo za zamani ambazo hazikuingia ndani ya vitufe kumi ziliachwa, au zilinyooshwa hadi zikaingia.

Hili ndilo linalonisumbua kuliko jina la mtunzi. Kama walsi hii ilikuwa ya fidla kabla ya LeJeune kuishika, basi tunayoisikia mwaka 1929 tayari imepita kwenye tundu la akodiani. Kona zake zimekatwa. Na dansi iliyokuwa ikiendelea kadiri wachezaji walivyotaka ilibidi iishe ndani ya dakika tatu hivi, kwa kuwa upande mmoja wa santuri hauwezi kubeba zaidi.

Nimemsikiliza Ophy Breaux mara nyingi mno sasa. Anafuata akodiani ya kaka yake kwa uaminifu, ila mahali pachache upinde wake unateleza kati ya noti mbili, unapita mahali ambapo vitufe haviwezi kufika. Ni kitambo kidogo sana. Mimi hukaa nikikisubiri.

Ambao santuri iliwapita

Kuna watu wengine katika habari hii, na neno "Kikajuni" huwafunika.

Wakrioli weusi wa nyanda zile zile walizungumza Kifaransa kile kile, walilima mashamba yale yale kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na walipiga walsi zile zile. Oktoba 1929, miezi sita baada ya ndugu wa Breaux, Douglas Bellard alirekodi New Orleans kwa fidla, akiwa na Kirby Riley kwenye akodiani. Ni Wakrioli weusi wa kwanza kurekodi kwa Kifaransa cha Louisiana. Mojawapo ya nyimbo zao ni walsi ya mfungwa. Miongo kadhaa baadaye fundi mwingine wa fidla, Canray Fontenot, aliifanya ijulikane kote kwa jina la "Les Barres de la Prison". Fidla ya kwanza ya Fontenot aliitengeneza mwenyewe akiwa mtoto, kwa kasha la sigara na nyaya zilizochomolewa kwenye wavu wa mlango.

Desemba 1929, Amédé Ardoin, mpiga akodiani mweusi, alirekodi pamoja na Dennis McGee, mpiga fidla mzungu. Wawili hao walipiga dansi pamoja katika Louisiana ambayo haikuwaruhusu kuketi meza moja. Ardoin alifariki mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville, akazikwa bila alama. Wengi husimulia kwamba alipigwa vibaya na wazungu baada ya mwanamke mzungu kumpa leso afute jasho kwenye dansi. Santuri zake ndizo zilizomfundisha mpiga akodiani mwingine, Iry LeJeune, ambaye mwaka 1948 aliirudisha akodiani katika heshima yake.

Sidai kwamba Jolie Blonde ilitoka kwa Wakrioli. Hakuna rekodi inayosema hivyo. Ninachosema ni kwamba mwaka 1929 kampuni zilichukua sehemu ndogo tu ya kilichokuwa kikipigwa kwenye nyumba zile, na mlango wa studio haukuwa wazi sawa kwa wote. Anayetafuta asili ya walsi kwa kuangalia nani alirekodi kwanza anaandika historia ya mlango ule.

Fidla inarudi mbele

Miaka ya 1930 akodiani ilipoteza umaarufu. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa, barabara na redio vilileta muziki wa nyuzi kutoka Texas. Hackberry Ramblers, kundi lililoanzishwa mwaka 1933 na mpiga fidla Luderin Darbone pamoja na Edwin Duhon, lilipiga kwenye kumbi zisizo na umeme kwa kuendesha vipaza sauti vyao kwa injini ya gari la Ford. Vipaza sauti vikafanya kile ambacho kabla yake akodiani peke yake iliweza. Fidla haikuhitaji tena kupigana na kelele za miguu. Ni kundi hilo, katikati ya muongo huo, lililoirekodi walsi hii kwa jina tunalolijua leo.

Harry Choates alikulia Port Arthur, Texas, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta ambako Wakajuni wengi walihamia kufuata kazi. Mwaka 1946 alirekodi "Jole Blon" Houston, kwa kampuni ndogo ya Gold Star ya Bill Quinn. Hata tahajia ya jina iliandikwa kama ilivyosikika. Santuri ilipanda hadi nambari 4 kwenye orodha ya kitaifa ya jarida la Billboard, ikiwa imeimbwa kwa Kifaransa, wakati watoto wa Louisiana walikuwa wakiadhibiwa shuleni kwa kukizungumza. Katiba ya jimbo ya 1921 ilikuwa imekifungia nje ya madarasa.

Choates alifariki akiwa kizuizini Austin, Julai 1951. Alikuwa na miaka 28.

Mwaka 1958 mwimbaji wa Kimarekani Waylon Jennings aliurekodi mwimbo huu, mwanamuziki mwenzake Buddy Holly akiwa mtayarishaji. Hawakujua Kifaransa. Waliisikiliza santuri ya Choates na kuandika silabi walizozisikia. Nilitaka kukasirika, ila nikawakumbuka wajomba zangu walioimba Kilingala mwanzo hadi mwisho bila kujua neno moja, wakilia machozi ya kweli. Sauti inaweza kwenda mbali bila maneno yake.

Ila inapokwenda hivyo, wa kwanza kuachwa njiani ni aliyeandika maneno.

Kuhusu neno "jadi"

Nimeelewa kwa nini neno hilo limenikera. Ukiandika "jadi" kwenye Jolie Blonde unasema ukweli kuhusu sauti. Ni ya watu wengi, weupe na weusi, wa fidla na wa akodiani, na wengi wao hatutawajua kamwe. Lakini kwa neno hilo hilo unamfuta mwanamke ambaye familia yake inamtaja kwa jina, aliyekuwamo studioni siku ile, na ambaye mkono wake unasikika kwenye gitaa tangu mwanzo hadi mwisho.

Cléoma alifariki mwaka 1941, miaka mitano kabla ya mwimbo kufika nchi nzima kwa jina la mwanamume mwingine.

Kama ningepewa nafasi ya kuitangaza ukumbini, ningeitangaza kwa desturi ya vikundi vyetu. Maneno, kwa kauli ya familia ya Breaux, ni ya Cléoma. Sauti ni ya Wakajuni, na imepitia mikononi mwa Angelas LeJeune kwa ushahidi wa Dennis McGee. Anaimba Amédé Breaux, fidla ni Ophy. Kisha ningewaomba wapunguze akodiani kidogo.